Kisu Kabla ya Kauli: Nani Aamue Juu ya Mwili wa Mtoto wa Jinsi Tata?

Habari za watoto "kubadilishwa jinsia" huko Ulaya na Marekani sasa zinatufikia kwenye simu mfululizo: leo mahakama imeidhinisha marufuku ya dawa, kesho kijana ameishtaki hospitali iliyomtibu, keshokutwa waziri ametoa tamko. Zinafika vipande vipande, na kila anayezisambaza huongeza lake. Katika mazungumzo yetu mambo matatu yamekorogwa chungu kimoja: mtoto aliyezaliwa na viungo visivyoeleweka kama ni vya kike au vya kiume, kijana anayetaka kubadili mwili wake, na mapenzi ya jinsia moja. Anayeumizwa zaidi na mkorogo huo ni mzazi ambaye mkunga alimfunua mtoto wake akanyamaza. Mzazi huyo yuko Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, kama alivyo Handeni au Dar es Salaam. Anaogopa kumpeleka mtoto hospitali asije akaambiwa anashiriki mambo ya Wazungu.

Katika hospitali zetu suala linalofika wodini ni lile la kwanza, la jinsi tata. Hoja zinazogombaniwa London na Washington zinalihusu, ingawa kwa namna ambayo wengi hawajaitazama.

Tofauti iliyo muhimu

Mtoto wa jinsi tata amezaliwa hivyo, na sababu za hali yake ni nyingi. Yupo mwenye kromosomu za kike, XX, ambaye tezi zake za adrenali zilizalisha homoni za kiume kupita kiasi tangu tumboni, akazaliwa na kinembe kinachofanana na uume. Yupo mwenye XY ambaye mwili wake hauitikii kabisa homoni za kiume. Huyu huzaliwa na kukua akionekana msichana kamili, hadi umri wa kuvunja ungo upite bila hedhi. Yupo pia mwenye XY anayelelewa kama binti, kisha wakati wa balehe sauti ikawa nzito, misuli ikajaa na uume ukakua. Makadirio yanayotajwa na Umoja wa Mataifa ni kati ya asilimia 0.05 na 1.7 ya watoto wanaozaliwa, kutegemea hali zipi zinahesabiwa.

Kijana wa huko ng'ambo anayetaka dawa za kuzuia balehe kwa kawaida hana utata wa kuzaliwa. Anachosema ni kwamba nafsi yake haikubaliani na mwili wake. Kauli anayo, na mabishano ni juu ya uzito wa kauli hiyo akiwa na miaka 13 au 15. Mtoto mchanga wa jinsi tata hana kauli yoyote. Karatasi ya ridhaa hutiwa saini na mzazi, mara nyingi akiwa bado ana uchungu wa mshtuko, baada ya kuelezwa kwa maneno ambayo nusu yake hakuyaelewa. Hata hivyo wote wawili wanaweza kukutana na dawa zilezile, visu vilevile na mambo yaleyale yasiyorudishika: uzazi, hisia za viungo, umbo la mwili.

Ugomvi wa ng'ambo ulivyo

Tiba ya kuzuia balehe kwa vijana wa aina hiyo ilipata utaratibu wake Uholanzi katika miaka ya 1990, kwa kundi dogo lililochunguzwa kwa muda mrefu kabla ya kupewa chochote. Kisha ikaenea haraka kuliko ushahidi wake. Finland ilianza kuibana mwaka 2020, Sweden ikafuata. Uingereza, msichana Keira Bell, ambaye alianza dawa akiwa na miaka 16 na baadaye akajutia, alishiriki kuishtaki taasisi ya Tavistock iliyomtibu. Desemba 2020 Mahakama Kuu ilisema ni vigumu sana mtoto chini ya miaka 16 kuelewa anachokubali. Septemba 2021 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kusema uamuzi huo ni wa madaktari na familia, si wa majaji. Aprili 2024 daktari bingwa wa watoto Hilary Cass alitoa ripoti yake ya mwisho: ushahidi ni dhaifu, tahadhari kubwa inahitajika, na vijana hawa wanastahili huduma pana zaidi ya dawa. Kliniki ya Tavistock ilikuwa imefungwa mwishoni mwa mwezi uliotangulia.

Marekani mambo yamekwenda kwa njia ya siasa. Majimbo mengi yamepiga marufuku, na tarehe 18 Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliiacha sheria ya Tennessee isimame. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kimeendelea kuitetea tiba hii. Wanaoitetea wanasema mateso ya vijana hao ni ya kweli, na kwamba kusubiri nako ni uamuzi, maana balehe ikipita hairudi. Wapinzani wanasema tafiti ni ndogo na wengi wa waliotibiwa hawakufuatiliwa, na kwamba baadhi ya vijana walikuwa na sonona au usonji ambao ungeshughulikiwa kwanza. Pande zote mbili zina hoja ya kweli mkononi, na ndiyo sababu ugomvi hauishi.

Katikati yake zimeingia kesi za uzembe wa kitabibu. Mwaka 2023 kijana wa California, Chloe Cole, aliyeondolewa matiti akiwa na miaka 15, aliishtaki hospitali ya Kaiser na madaktari waliomtibu. Kiini cha madai ya aina hii ni kwamba uchunguzi ulifanywa haraka, na mgonjwa na wazazi hawakuambiwa ukweli wote. Yaani mshtakiwa mkuu ni ridhaa iliyopatikana bila maelezo.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba sheria za kupiga marufuku, ikiwamo ya Tennessee, zimeacha mlango kwa tiba ya kasoro za kuzaliwa. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayeomba kwa kinywa chake anakataliwa kwa sababu hajakomaa, na mtoto wa miezi 16 asiyeweza kusema anaweza kupelekwa chumba cha upasuaji. Atakayesema kwa dhati kwamba mtoto hawezi kuridhia mabadiliko yasiyorudishika ya mwili wake lazima aitumie kanuni hiyo kwa wote wawili.

Rufaa kutoka mlimani

Lutindi ina historia inayogusa swali hili la ridhaa moja kwa moja. Mwaka 1896 wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walijenga hapo makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne iliyofuata makao hayo yakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki, na hadi leo inaendeshwa chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Kwa zaidi ya karne moja watu wa mahali hapo wameishi na swali la jinsi ya kumtibu kwa haki mtu asiyeweza, kwa wakati ule, kujisemea.

Kwa mgonjwa wa akili, Tanzania imelijibu swali hilo kwa maandishi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza mtu bila ridhaa yake, na ndani yake zimo hatua za kisheria na usimamizi, ili ndugu mmoja na daktari mmoja wasiamue peke yao. Kwa mtoto wa jinsi tata hakuna utaratibu kama huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema maslahi ya mtoto yatangulie na maoni yake yasikilizwe, lakini haina kifungu kinachotaja upasuaji wa aina hii.

Kilichopo ni maabara. Chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hufanya uchunguzi wa kubaini jinsi tawala ya mtu mwenye jinsi tata. Ni huduma nzuri. Lakini majibu yake ni mwanzo tu wa uchunguzi. Yule mwenye XY ambaye mwili wake hauitikii homoni za kiume, kipimo cha kromosomu kitamwita mwanamume, na hali amelelewa msichana, anaonekana msichana, na anajijua msichana. Familia nyingi huyapokea majibu hayo kama hukumu, zikidai daktari "amalizie". Hapo kosa huanza kwa nia njema kabisa.

Safari yenyewe ni ndefu: zahanati ya kijijini, Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, Bombo Tanga, kisha KCMC Moshi au Muhimbili. Ukiongeza nauli, chakula cha mwenye kumsindikiza mgonjwa na shamba lililoachwa, mzazi akifika kwa daktari bingwa anataka jambo limalizike siku hiyohiyo. Umaskini unasukuma kisu kwa nguvu kuliko nadharia yoyote.

Wanaotaka upasuaji wa mapema

Hoja yao ya kwanza ni jamii. Mtoto huogeshwa na shangazi, hulala na binamu, huenda jandoni au unyagoni, na siri ya mwili haidumu. Zamani, katika maeneo ya pwani na milima ya nyuma yake, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego na kuhesabiwa nuksi. Hofu ya uzao usio wa kawaida haijafutika. Magharibi mwa Kenya wakunga wamesimulia hadharani jinsi watoto wa jinsi tata walivyokuwa wakiuawa walipozaliwa. Mzazi anayeijua hofu hiyo hafanyi ujinga anapotaka mwili wa mwanawe ufanane na wa wenzake mapema.

Ya pili ni vyeti na mgawanyo wa maisha. Cheti cha kuzaliwa kinadai jinsi, shule zina bweni la wavulana na la wasichana, mirathi na ndoa vinauliza swali lilelile. Ya tatu ni ya kitabibu: baadhi ya hali zina hatari ya kweli, kama njia ya mkojo iliyoziba au tezi zinazoweza kugeuka saratani.

Udhaifu wa upande huu ni kuyafunga mambo yote hayo katika furushi moja. Njia ya mkojo ikiziba lazima ifunguliwe, bila mjadala. Yule mtoto wa XX mwenye tatizo la adrenali anaweza kupoteza chumvi mwilini na kufa ndani ya wiki chache za kwanza, na anachohitaji ni homoni ya kotisoli, tena haraka. Kukipunguza kinembe chake hakumwokoi. Cha kusikitisha ni kwamba familia huuona uume-kinembe na kuhangaika nao, huku kutapika na kulegea kwa mtoto kukichukuliwa kuwa homa ya kawaida. Huko ndiko uhai unakopotea.

Nadharia iliyouzaa upasuaji wa mapema nayo imeanguka. Mwanasaikolojia John Money wa Baltimore alifundisha kwamba mtoto akirekebishwa mapema na kulelewa upande mmoja, nafsi itafuata. Mfano wake mkuu, David Reimer wa Kanada, mvulana aliyeharibiwa uume wakati wa kutahiriwa na kulelewa msichana, aliukataa usichana huo, akarudi kuishi kama mwanamume, na mwaka 2004 akajiua.

Wanaotaka kusubiri

Upande wa pili unasema: okoa uhai, tibu ugonjwa, mpe mtoto jina na jinsi ya kulelewa nayo, lakini kisu kisichokuwa cha lazima kingoje mpaka mwenye mwili aweze kusema. Malta iliifanya hiyo sheria mwaka 2015, Ujerumani mwaka 2021. Hospitali ya watoto ya Lurie mjini Chicago iliomba radhi mwaka 2020 kwa waliyofanyiwa wagonjwa wake wa zamani. Na kwetu ipo hoja ya karibu zaidi: ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 ni jinai Tanzania tangu mwaka 1998. Kukata kinembe cha mtoto ili tu kipendeze machoni pa watu wazima kunahitaji maelezo mazito sana kutoka kwa anayesema si jambo lilelile.

Kusubiri si mawazo ya kuagizwa. Wanazuoni wa fikihi ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walikwisha kulijadili suala la huntha, yaani mtu wa jinsi tata, ambaye hali yake haijabainika. Katika mirathi hupewa fungu la chini ambalo ni yakini, kila mrithi anayeguswa na utata huo hupewa hivyo hivyo, na kinachobaki huwekwa mpaka hali itakapodhihirika. Hawakumlazimisha mtoto kubainika kabla ya wakati wake ili mahesabu ya watu wazima yakae sawa.

Upande huu nao una pengo. Kusubiri kunahitaji mtu wa kusubiri pamoja na familia: muuguzi atakayerudi, afisa ustawi wa jamii, mwalimu mkuu anayejua kutunza siri, dawa zisizokatika. Wanaharakati wengi huandika neno "subiri" wakiwa Nairobi au Geneva, na mama aliyeambiwa asubiri bila mtu wa kumshika mkono hurudi nyumbani na kumficha mtoto ndani. Mtoto aliyefichwa hana shule, na akiugua haletwi hospitali.

Nairobi na Kampala

Kenya ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsi. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola, katika kesi ya Baby A, hakukubali madai yote ya mama, ila aliitaka serikali ieleze ni chombo gani kinawajibika na kanuni zipi zinasimamia upasuaji huo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wa jinsi tata kwa mara ya kwanza, 1,524. Idadi hiyo inaonyesha zaidi ukubwa wa woga kuliko ukubwa wa hali. Kisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikakataza kubadili au kuondoa viungo vya mtoto wa jinsi tata isipokuwa kwa ushauri wa daktari wa jenetiki. Madhumuni ni mema, lakini kigezo kimekosewa: mtaalamu wa jenetiki ni adimu, na jenetiki haiwezi kujibu swali la ridhaa.

Uganda imeelekea kwingine. Sheria yake ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za mtoto kubadilishwa baada ya operesheni iliyothibitishwa na daktari. Matokeo yake ni kuwa karatasi inaufuata upasuaji, na familia inayotaka karatasi inasukumwa kwenye upasuaji.

Uganda hiyohiyo imetoa onyo lililo wazi kuliko yote. Mwanariadha Annet Negesa, bingwa wa mita 800, alizuiwa kushiriki Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa sababu ya homoni zake, na mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji Kampala. Alikuwa na miaka 20. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba hakuelezwa sawasawa atafanyiwa nini. Shirikisho la riadha la dunia limekana kuhusika. Huyu alikuwa mtu mzima, mwenye kauli, mwenye jina, na bado ridhaa yake ina utata.

Kesi zinaweza nini?

Wapo wanaosema dawa ya haya yote ni mahakama: daktari akijua atashtakiwa, atakuwa makini. Kuna ushahidi wa kuwaunga mkono. Ujerumani, Christiane Völling alimshtaki daktari aliyemwondoa mji wa mimba na ovari mwaka 1977 bila kumweleza, na mwaka 2009 akapewa fidia ya euro 100,000. Ilichukua zaidi ya miaka 30, ila hukumu hiyo ilifungua mdomo wa wengi.

Kwa mtoto wa Lutindi njia hiyo ni nyembamba. Mwaka 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilipompasua kichwa mgonjwa wa goti na goti mgonjwa wa kichwa, kosa lilionekana mapema. Katika jinsi tata kosa hujitokeza baada ya miaka 12 au 15, wakati wa balehe. Madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 katika sheria yetu. Kwa mtoto muda huo huanza kuhesabiwa anapofikisha miaka 18, kwa hiyo dirisha lake hufungwa akiwa na 21, umri ambao wengi ndiyo kwanza wanaanza kuelewa walichofanyiwa. Hospitali ikiwa ya serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Kisha anatakiwa kuthibitisha kwa faili ambalo halionekani, dhidi ya kigezo kinachouliza kama madaktari wengine wenye sifa wangefanya vilevile. Na ikiwa wote walikuwa wakifanya vilevile?

Kesi zina madhara yake pia. Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni hazina ya wachache katika nchi hii. Akiishi kwa hofu ya wakili, atamkataa mgonjwa huyu na kumwachia mganga wa mtaani au fundi asiyesomea. Kwa hiyo kesi iwepo, maana bila hiyo aliyeumizwa hana mlango wa kugonga, lakini haiwezi kuwa ngao ya mtoto ambaye bado hajaguswa.

Mizani inapoinamia

Nikipima yote haya, uzito uko upande wa kusubiri, kwa sharti kwamba kusubiri kuwe huduma yenye watu na bajeti. Kanuni inayohitajika si ndefu. Mtoto yeyote ambaye mkunga hakuweza kumtaja jinsi apimwe upungufu wa homoni za adrenali kabla ya jambo lingine lolote, na dawa zake zipatikane hadi hospitali ya wilaya kama Magunga. Upasuaji wa kuokoa uhai au kuondoa ugonjwa uendelee bila kizuizi. Ule unaorekebisha mwonekano au kuchagua upande usifanywe kwa saini ya mzazi peke yake. Upitie jopo lenye daktari wa homoni, mpasuaji, mtaalamu wa afya ya akili na afisa ustawi wa jamii, na sababu ziandikwe kwa Kiswahili ambacho mzazi atakwenda nacho nyumbani. Nakala ya faili iwe mali ya mtoto. RITA, inayotoa vyeti vya kuzaliwa, nayo iruhusu marekebisho ya jinsi kwenye cheti bila kudai operesheni kwanza, ili lisitokee Korogwe lile ambalo sheria ya Uganda imelikaribisha.

Umri wa kuanza kusikilizwa utabishaniwa, na ubishani huo ni halali. Bunge lilikwisha kuonyesha kwamba miaka 18 si ukuta: Novemba 2019 lilishusha umri wa kupima virusi vya Ukimwi bila ridhaa ya mzazi hadi miaka 15. Kupima damu si kupasuliwa, na sipendekezi umri huo kwa kisu. Ila mtoto wa miaka 15 anayeweza kukabidhiwa majibu ya Ukimwi anaweza kuulizwa anajionaje, na jibu lake likaandikwa kwenye faili na kuheshimiwa.

Kazi hii haihitaji kusubiri sheria mpya. Wizara ya Afya inaweza kutoa mwongozo, na Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kuufanya kipimo cha mwenendo wa daktari. Mwongozo wa aina hiyo ukiwapo, hata mahakama itapata cha kushika siku atakapofika mlalamikaji mwenye miaka 20.